Yerusalemu ya kiangazi ianzie penye maji

Ndugu Mhariri,

Kila likizo ya katikati ya mwaka inapokaribia, kurasa za matangazo za gazeti lako hujaa safari za Yerusalemu. Ratiba zake zimefanana kama mapacha: siku moja imebebeshwa Mlima wa Mizeituni, Gethsemane, Njia ya Msalaba, Kaburi Takatifu, Ukuta wa Magharibi, Mlima Sayuni na soko la Mji Mkongwe, watu wakitoka hotelini baada ya chai ya saa mbili na kurudi jioni. Mwezi Februari ratiba ya namna hiyo huchosha tu. Julai na Agosti huangusha watu, hasa wazee, ambao ndio waliodunduliza miaka kwa ajili ya safari hiyo moja. Tena huwapitisha juu ya historia ya mji bila kuiona. Historia ya Yerusalemu haikuanzia kileleni penye makuba na minara. Ilianzia chini bondeni, penye maji, na huko ndiko mahujaji wa kiangazi wangepaswa kuanza.

Kwanza hali ya hewa, maana ndiyo inayoamua mengine yote. Mji uko kati ya mita 700 na 800 juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa jangwa la Yudea. Mvua yake, kama milimita 550 kwa mwaka, hunyesha kati ya Oktoba na Aprili. Kuanzia Juni hadi Septemba hainyeshi. Mchana wa Agosti hufika kama nyuzi 30, na siku za upepo wa jangwani hupita 35. Aliyezoea joto la pwani husikia nyuzi 30 akaona si kitu, na hapo ndipo anapokosea. Joto la pwani lina unyevu, jasho linakulowesha, unajua umetoka maji. Yerusalemu hewa ni kavu, jasho linakauka kabla halijaonekana, na mawe meupe ya chokaa yanarudisha mwanga usoni kutoka chini hata kama umevaa kofia. Mtu anatembea saa tatu akijiona mkavu na mzima, kisha ghafla kichwa kinagonga na miguu inalegea. Kipimo cha uhakika ni mkojo: ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umechelewa. Lita tatu kwa siku ndicho kiwango cha kuanzia, zinywewe kidogo kidogo tangu asubuhi, pamoja na chakula chenye chumvi. Maji ya bomba ya mji huo ni salama, kwa hiyo chupa moja ngumu ya kujaza tena inatosha. Mwenye kumeza vidonge vya presha vinavyokojoza amwone daktari wake kabla ya safari, siyo akiwa tayari njiani.

Kuna jambo moja linalowarahisishia wasomaji wako hesabu. Wakati wa kiangazi saa za huko husogezwa mbele, zikawa sawasawa na saa za Afrika Mashariki. Mwishoni mwa Juni jua huchomoza kama saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuzama kama saa mbili kasoro robo usiku. Siku ni ndefu mno, na saa zake bora ziko pembeni mwake. Kikundi kinachosubiri chai ya hoteli kimepoteza saa mbili na zaidi za ubaridi ambazo hazirudi. Mwenye msafara aagize vifungua kinywa vya kubeba tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Hoteli zinazopokea mahujaji zimezoea ombi hilo, mradi lifike mapema. Jioni upepo wa Bahari ya Kati hupanda mpaka mlimani, na ukiwa mahali pa wazi usiku utatafuta sweta, hata Julai.

Sasa maji yenyewe. Miji mingi ya kale ilijengwa kando ya mto, bandari au njia kuu ya misafara. Yerusalemu haina mto wala bandari, na ardhi yake ni mwamba. Ina chemchemi moja tu isiyokauka kiangazi, Gihoni, chini ya ukingo wa Bonde la Kidroni. Maji yake hutoka kwenye mapango ya chokaa ndani ya mlima, na tangu zamani yalijulikana kwa tabia ya kububujika kwa vipindi, yakija kwa wingi kisha yakipungua. Waarabu wanaiita Ain Umm al-Daraj, chemchemi ya mama wa ngazi, kwa sababu unaishukia kwa ngazi. Juu yake kuna mgongo mwembamba wa mlima, nje ya kuta za leo upande wa kusini. Huo ndio mji wa Wakanaani unaotajwa kwa jina la Urusalim katika barua za Amarna, zile walizoandikiwa Mafarao wa Misri katika karne ya 14 KK, na ndio alioutwaa Daudi. Mahujaji wengi hushangaa kusikia kwamba mji wa Daudi uko nje ya kuta. Kuta wanazoziona zilijengwa na Sultani Suleiman wa Waothmani, zikakamilika mwaka 1541. Ni kazi nzuri mno, lakini haikuwapo enzi za Daudi wala za Yesu.

Sulemani alitiwa mafuta Gihoni, kama kinavyosema kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya kwanza. Pale watu walipokuwa kila siku na ndoo zao ndipo mfalme alipotangazwa. Ukisimama eneo lile na habari hiyo kichwani, unaelewa kwa nini wafalme walioshika chemchemi walizungusha mawe makubwa kuilinda. Wachimbaji waliofukua ngome hiyo waliipa umri wa enzi za Wakanaani. Vipimo vya kaboni vya miaka ya karibuni vimeleta ubishi, vikiisogeza sehemu ya ngome mpaka zama za wafalme wa Yuda, na mwongozaji mwaminifu atayasema yote mawili.

Udhaifu wa mji ulikuwa huohuo: chemchemi iko chini, na adui akiikalia ameshika koo. Mfalme Senakeribu wa Ashuru alipokuja kuushambulia mji mwaka 701 KK, Hezekia, mfalme wa Yuda, alikwisha kujiandaa. Aliziba chemchemi kwa nje na kuyapitisha maji chini ya mlima mpaka upande wa pili, ndani ya ukuta. Handaki hilo lina urefu wa mita 533, ingawa kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mstari ulionyooka ni kama mita 320 tu, kwa kuwa limejipinda kama nyoka. Vikundi viwili vya wachongaji vilianza kila kimoja upande wake na kukutana katikati ya mwamba. Mwanzo na mwisho wake vimetofautiana kwa takribani sentimita 30, yaani mteremko usiofika milimita moja kwa kila mita, na maji yanatiririka hadi leo. Fundi yeyote wa mabomba akisikia hesabu hiyo atanyamaza kwanza.

Mwaka 1880 mvulana mmoja aliona maandishi ya Kiebrania cha kale ukutani, mita chache kabla ya kutokea upande wa Siloamu, birika ambamo maji ya handaki huishia. Maandishi hayo hayamtaji mfalme. Yanaeleza wachongaji: zilipobaki dhiraa tatu zilisikika sauti za mtu akimwita mwenzake ng'ambo ya mwamba, sururu zikakutana, na maji yakaenda kutoka chemchemini hadi birikani, dhiraa 1,200. Gawanya mita 533 kwa 1,200 upate dhiraa ya sentimita 44 na ushei, ndiyo urefu wa kiwiko hadi ncha ya kidole cha mtu mzima. Jiwe lenyewe lilibanduliwa, likapelekwa Istanbul, maana wakati huo mji ulikuwa chini ya Waothmani, na liko huko mpaka leo. Lakini alama za sururu bado ziko ukutani. Mulika tochi ubavuni uone zinavyoinamia upande mmoja, na ukifika penye makutano zinageuka kuinamia upande wa pili. Hapo pia handaki linayumba kulia na kushoto, watu wakitafutana kwa sauti. Mwongozaji asipowasimamisha hapo, mwombeni asimame.

Kwa mwenye kutaka kupita, haya ndiyo ya kuzingatia. Mlango wa wageni uko juu, karibu na Lango la Jaa, na basi linaweza kuwashusha hapo. Toka mlangoni unashuka ngazi nyingi mpaka chemchemini. Karibu na chemchemi maji hufika mapajani mwa mtu mzima, halafu hupungua mpaka magotini na chini zaidi kwa sehemu kubwa ya njia. Ni ya baridi, na baridi hiyo ndiyo neema ya mwezi Agosti. Upana ni kama sentimita 60, bega linagusa ukuta. Dari sehemu nyingine ni mita 1.5 tu, hivyo mrefu ainame na ashike mkono mbele ya paji la uso. Mwisho wa njia dari hupanda mpaka kama mita 5, kwa kuwa wachongaji walishusha sakafu ili maji yatembee. Inachukua dakika 30 hadi 45. Njia ni ya kwenda tu: ukiingia hugeuki, kwa sababu nyuma yako kuna foleni.

Kinachoharibika mara nyingi ni viatu. Ndala huchomoka na kuelea, na mwenye ndala hubaki peku juu ya kokoto. Vaeni raba kuukuu au viatu vya kamba vinavyofungwa kisiginoni. Pili ni mwanga. Humo hamna taa, na simu iliyoshikwa mkononi huishia majini. Tochi ndogo ya kufunga kichwani inatosha, na mikono inabaki huru kushika ukuta. Begi la mgongoni hukwama, liachwe kwenye basi. Wenye hofu ya mahali pembamba, wenye ugonjwa wa moyo, wajawazito na watoto chini ya miaka mitano wasiingie. Pembeni kuna mfereji mkavu wa Wakanaani, mfupi zaidi, ambao nao ni mwembamba lakini haulowanishi. Wazee wasioweza ngazi waende kwa gari moja kwa moja mpaka Siloamu, wawasubiri wenzao wakitoka mwambani. Na tafadhali, waandaaji, msipange kanisa mara baada ya handaki. Watu watakuwa wamelowa mpaka mapajani, na hakuna mlinzi wa mahali patakatifu atakayewaruhusu na kaptula inayochuruzika. Baada ya handaki ni hotelini.

Unapotokea utaona birika dogo lenye vipande vya nguzo. Kwa karne nyingi hilo ndilo lililoonyeshwa kuwa birika la Siloamu la Yohana sura ya tisa, kumbe ni la zama za Wabizanti, karne kadhaa baada ya Yesu. Mwaka 2004 mafundi wa bomba la majitaka walifukua ngazi za mawe hatua chache kutoka hapo, na wanaakiolojia Ronny Reich na Eli Shukron wakatambua birika la enzi za Hekalu la Pili, lile la siku za Yesu, kubwa mno, lenye ngazi zilizopangwa tano tano. Yule kipofu aliyetumwa na Yesu kunawa alishukia ngazi za aina hiyo. Kutoka hapo barabara ya ngazi ilipanda mpaka Hekaluni, na chini yake kulikuwa na mfereji wa maji ya mvua. Yosefo, mwanahistoria wa karne ya kwanza, anaeleza jinsi watu walivyojificha chini ya ardhi Warumi walipoteketeza mji mwaka 70. Kupanda kurudi Mji Mkongwe juani ni kama mita 100 za mwinuko. Msijaribu saa sita. Pandeni gari.

Ukiisha kuuona mji kwa jicho la maji, sehemu nyingine zinajipanga zenyewe. Ukuta Mpana katika mtaa wa Wayahudi, unene wake mita 7, ni wa siku hizohizo za Hezekia, na Isaya 22 inakemea nyumba zilizobomolewa ili kuutia nguvu. Mistari inayofuata inataja birika na maji. Somo hilo lisomwe pale pale, linachukua dakika mbili. Karibu na Lango la Simba kuna mabirika ya Bethzatha ya Yohana sura ya tano. Injili inataja matao matano, na zamani wengi waliona idadi hiyo ni ya ajabu. Wachimbaji walikuta mabirika mawili yaliyotengwa na ukuta mnene: matao manne kuzunguka na la tano katikati. Hapo hapo lipo kanisa la Mtakatifu Anna, lililojengwa na Wapiganaji wa Msalaba katika karne ya 12. Sultani Salahuddin, aliyeutwaa mji kutoka kwao, aliligeuza kuwa chuo cha dini ya Kiislamu, na maandishi yake ya Kiarabu bado yako juu ya mlango. Mwaka 1856 Sultani aliwapa Wafaransa, na tangu 1878 linatunzwa na Wamisionari wa Afrika, Mapadre Weupe, mwaka uleule ambao msafara wao wa kwanza ulipita Bagamoyo kuelekea maziwa makuu. Kwaya zikiimba humo ziimbe taratibu. Mwangwi unakaa hewani muda mrefu, na wimbo wa haraka hugongana wenyewe kwa wenyewe.

Maji ya Gihoni hayakutosha mji ulipokua, ndiyo maana yaliletwa mengine kwa mfereji kutoka mabwawa ya Sulemani karibu na Bethlehemu, safari ya zaidi ya kilomita 20 kwa kuzunguka vilima bila pampu. Pontio Pilato alitumia fedha za Hekalu kwa mfereji wa maji na kusababisha ghasia. Hilo nalo ni la Yosefo. Suleiman aliyejenga kuta alijenga pia sabili, yaani mahali pa wapita njia kunywa maji, kando ya njia, nyingine bado zimesimama na michongo yake, ingawa haziko tena kwenye kazi yake ya zamani.

Kwa Waislamu wanaokwenda Baitulmakdisi, mpangilio ni uleule kwa sababu nyingine. Baada ya Alfajiri uwanja wa Haram, eneo takatifu lenye Kuba ya Mwamba na Msikiti wa Al-Aqsa, una hewa na nafasi, misonobari na mizeituni inatoa kivuli, na jua likiipiga Kuba ya Mwamba kutoka mashariki ndipo vigae vyake vinaonekana vizuri. Kuba hiyo ilikamilika mwaka 72 Hijria, 691 au 692 BK, chini ya Khalifa Abd al-Malik. Eneo lote ni kama hekta 14, na chini ya sakafu yake kuna mabirika mengi ya kale yaliyochongwa mwambani kuhifadhi mvua. Kati ya Kuba na Msikiti wa Al-Aqsa kuna al-Kas, mahali pa kutawadhia, na upande wa magharibi kuna sabili ya Sultani Qaytbay ya mwaka 1482, yenye kuba ya jiwe lililochongwa. Milangoni polisi wa Israeli wanaweza kuuliza pasipoti, na walinzi wa Wakfu, taasisi ya Kiislamu inayousimamia uwanja, wakamtaka mgeni wasiyemjua asome Fatiha. Asiudhike.

Wasio Waislamu huingia kwa lango moja tu, la Mughrabi, kwa daraja la mbao kando ya Ukuta wa Magharibi, Jumapili hadi Alhamisi, saa chache za asubuhi na muda mfupi mchana. Ijumaa, Jumamosi na sikukuu za Kiislamu ni marufuku. Saa hubadilika, ziulizeni siku moja kabla. Mara nyingi Wakristo hurudishwa langoni kwa sababu ya Biblia, rozari au msalaba kwenye begi. Viachwe hotelini siku hiyo. Wanawake wabebe kanga mbili, moja ya kiunoni na moja ya kichwani na mabegani. Wanaume wavae suruali ndefu. Wasio Waislamu hawaruhusiwi ndani ya Kuba na msikiti, uwanjani ndiyo.

Siku ya juma ina uzito kuliko waandaaji wengi wanavyodhani. Ijumaa mchana maduka ya Waislamu hufungwa kwa sala na vichochoro vya mtaa wao hujaa. Jua likizama Ijumaa hiyohiyo Sabato inaingia: treni ya umeme ya mjini na mabasi ya Kiyahudi husimama tangu Ijumaa alasiri hadi Jumamosi usiku, eneo la chemchemi hufungwa, na kwenye Ukuta wa Magharibi hupigi picha wala kuandika. Jumapili Wakristo wengi hufunga maduka yao. Makanisa mengi hufungwa kati ya saa sita na saa nane mchana siku yoyote, na utaona vikundi vimekaa juani mbele ya milango, kwa sababu tu aliyepanga hakuuliza. Tarehe 9 ya mwezi wa Av, inayoangukia Julai au Agosti, Wayahudi huomboleza maangamizi ya Hekalu la kwanza na la pili. Wanafunga, wanakaa sakafuni na kusoma Maombolezo. Umati wa Ukutani siku hiyo ni mkubwa mno. Asiyekwenda kuomba apange kwingine.

Ratiba ninayoipendekeza ni ya siku mbili, kati ya Jumapili na Alhamisi. Siku ya kwanza muwe juu ya Mlima wa Mizeituni kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Jua liko mgongoni, mji wote uko mbele yenu umewashwa. Mchana jua linakuwa machoni na picha zote ni kivuli. Mshuke kwa miguu, wote mteremko, lakini mawe ya njia hiyo yamelainika na yanateleza, wazee washikwe mikono. Gethsemane hufunguliwa saa mbili. Mizeituni minane iko pale, na uchunguzi uliotangazwa 2012 ulipima mashina matatu na kukuta ya karne ya 12 hivi, si ya wakati wa Yesu, ingawa mizizi ya mzeituni huchipua upya na hakuna ajuaye shina la kwanza lilikuwa lini. Saa tatu mko penye chemchemi, saa tano mmetoka Siloamu, saa sita mko hotelini na nguo kavu. Laleni. Saa kumi jioni ni Njia ya Msalaba, saa ileile ambayo Wafransisko huianza mitaani kila Ijumaa. Kwa kuwa siku yenu si Ijumaa, ifanyeni wenyewe, vichochoro vikiwa na kivuli, na mwishie Kaburi Takatifu.

Siku ya pili anzeni na Kaburi Takatifu tena, alfajiri. Kiangazi mlango hufunguliwa kama saa kumi na moja. Ndani ya kijumba cha Kaburi huwa kuna misa na ibada za zamu asubuhi, kwa hiyo huenda msiingie mara moja, lakini Golgotha na sehemu za chini kwa Mtakatifu Helena ziko tupu. Kanisa hilo liliwekwa wakfu mwaka 335, likabomolewa kwa amri ya Khalifa al-Hakim mwaka 1009, likajengwa upya mara zaidi ya moja, na leo linagawanywa na madhehebu sita kwa mapatano ya enzi za Waothmani. Ufunguo uko kwa familia mbili za Kiislamu, Joudeh na Nuseibeh. Pandeni juu ya paa, kwa watawa wa Ethiopia na vyumba vyao vya udongo. Watu wa Afrika wanaposalimia pale hupokelewa kwa uso mkunjufu. Jirani yao, kwa Wakopti, unaweza kushuka ngazi ndani ya mwamba mpaka birika kubwa la chini lenye maji na giza. Bebeni sarafu za shekeli kwa ajili ya mchango, noti kubwa hazina chenji. Kutoka hapo Bethzatha, kisha pumziko la mchana. Mahandaki ya Ukuta wa Magharibi yawekwe saa za joto kali, kwa kuwa yako chini ya ardhi. Yanahitaji kuandikishwa siku nyingi kabla.

Kuna mambo ya leo ambayo msafara hauwezi kuyaruka. Chemchemi iko Silwan, mtaa wa Wapalestina ambao jina lake lenyewe ni Siloamu. Yerusalemu ya Mashariki iko chini ya Israeli tangu 1967, na Umoja wa Mataifa unaihesabu kuwa eneo lililokaliwa. Eneo la uchimbaji linaendeshwa na shirika la walowezi wa Kiyahudi, na wakazi wamelalamikia nyufa katika nyumba zao juu ya mahandaki. Hujaji apite kwa adabu, asipige picha za watu madirishani, anunue maji au matunda kwa wenyeji. Aidha vita iliyoanza Oktoba 2023 imefundisha kwamba mipango hukatika: Juni 2025 anga ya Israeli ilifungwa siku kadhaa na wasafiri wakakwama. Tiketi iwe ya kubadilishika, na kila mwenye dawa abebe za wiki mbili zaidi.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni moja. Tangazo la safari ya kiangazi lisikubaliwe likiwa na orodha ya majina matakatifu peke yake. Mwandaaji aandike kila siku wanatoka saa ngapi, wanapumzika wapi kati ya saa sita na saa kumi, na ni ngazi ngapi ambazo mzee wa miaka sabini atapanda.

Wako,
Mwandaaji wa mahujaji